Maharage ya Mwezi Mzima kwa Moto wa Siku Moja

Sufuria iliyokuwa ikimaliza mtungi wangu wa gesi kabla ya wakati ilikuwa ya maharage. Nilisomea sayansi ya chakula Morogoro, na kazi yangu ya kila siku ni kukagua usalama wa vyakula vinavyopikwa kwa wingi, lakini nyumbani kwangu Dar es Salaam niliendelea kwa muda mrefu kupika kama jirani yangu yeyote: nusu kilo Jumatatu, nusu kilo nyingine Alhamisi, na kila mara moto wa karibu saa mbili. Siku hizi ninachemsha kilo nne kwa mkupuo mmoja, Jumamosi ya kwanza baada ya mshahara, kisha ninayagandisha. Wanaoniuliza habari hii huanza kwa kuuliza ni friza gani wawanunulie wake zao au mama zao, ilhali akiba yenyewe inapatikana kwenye moto, na hatari yote imo katika zile saa chache baada ya moto kuzimwa.

Kanuni ninayoifuata ni kugandisha kile tu kilichokula moto mwingi. Maharage, makande, kunde kavu, makongoro na nyama ngumu ya mchanganyiko vinastahili nafasi kwenye barafu kwa sababu kila kimoja kinadai saa nzima au zaidi jikoni. Wali unaiva kwa nusu saa na ugali kwa muda mfupi zaidi, kwa hiyo kuvigandisha ni kulipia umeme wa kutunza kitu ambacho moto wake ulikuwa rahisi. Viazi mviringo vikiganda hutoka vimekuwa kama sponji, na tui la nazi hujitenga, mafuta upande wake na maji upande wake. Nazi iliyokunwa, ambayo haijakamuliwa, inaganda vizuri sana, nami huifunga kwa kiasi cha chungu kimoja, nikaja kuikamua siku ya kuunga.

Kazi huanzia sokoni. Ninanunua Tandale, ambako nafaka huuzwa kwa bei ya jumla, na swali langu la kwanza kwa muuzaji si bei bali ni kama maharage ni ya msimu huu. Maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu penye joto na unyevu hubadilika ndani kwa ndani, na yakifikia hali hiyo hayalainiki hata uyachemshe kutwa. Punguzo la bei ulilopewa utalirudisha lote kwa muuza gesi. Aina si jambo kubwa, iwe ya njano au kablanketi, mradi usichanganye aina mbili kwenye sufuria moja, kwa maana moja itavurugika kabla nyingine haijaiva. Usiku wa Ijumaa ninayachambua, ninayaosha na kuyaloweka kwa maji mengi, kisha asubuhi ninayamwaga maji yale. Magadi siyatumii. Ni kweli kwamba yanaharakisha kuiva, lakini yanaharibu vitamini B1, ambayo ni mojawapo ya sababu za sisi kula maharage, na yakizidi huacha ladha kama ya sabuni ambayo barafu haiiondoi.

Nyanya na ndimu nazo hukaa mbali mpaka maharage yalainike, kwa sababu uchachu huzuia ganda na nyama ya punje kulegea. Wapishi wetu wengi wanalijua hili kwa mazoea ingawa hawajawahi kuelezwa sababu yake. Kwa maharage mekundu kuna jambo jingine la lazima: yana sumu ya asili ambayo huharibiwa kwa kuchemka sawasawa, si kwa kupata joto la wastani tu. Yatokote kwa nguvu kwa dakika kumi kwa uchache, na mimi huyaacha nusu saa, ndipo nipunguze moto. Wanaotumia kikapu cha kuhifadhi joto ili kubana matumizi ya gesi wasiyahamishie humo kabla ya hatua hiyo, kwa sababu joto dogo la muda mrefu linaweza kuiacha sumu hiyo ikiwa na nguvu kuliko ilivyokuwa kwenye punje mbichi.

Niliwahi kuweka mtungi wangu juu ya mizani kabla na baada ya kupika, nikalinganisha sufuria moja ya kilo nne na sufuria ndogo nane za nusu kilo. Sufuria kubwa ilitumia chini ya nusu ya gesi. Sehemu ya tofauti ilitokana na kuloweka, jambo ambalo zamani nililiruka kwa uvivu, lakini sehemu kubwa ni hesabu ya kawaida: baada ya kuchemka, sufuria kubwa iliyofunikwa inahitaji moto mdogo tu kuendelea kutokota, mdogo ambao haupitani sana na ule wa sufuria ndogo, na unaulipia mara moja badala ya mara nane.

Sasa tufike penye hatari. Mwaka wa kwanza wa zoezi hili nilizima jiko saa nne usiku, nikafunika sufuria na kwenda kulala, nikijiambia kwamba yatapoa yenyewe. Asubuhi nilipofunua, juu kulikuwa na povu jembamba na harufu ya uchachu, na katikati ya sufuria bado palikuwa vuguvugu. Nilimwaga kilo nne za maharage, mimi ambaye hulipwa kwa kuwaonya wengine kuhusu jambo hilohilo. Kuchemsha huua bakteria walio hai, lakini spora za baadhi yao, ambazo ni kama mbegu ngumu zinazostahimili moto, hubaki salama, nazo huamka joto linaposhuka chini ya nyuzi 60 na kuzaliana mpaka chakula kifike karibu nyuzi 5. Kipimo tunachokitumia kazini ni kwamba chakula kishuke kutoka nyuzi 60 hadi 21 ndani ya saa mbili, kisha kifike nyuzi 5 ndani ya saa nne nyingine. Sufuria ya lita kumi na tano iliyofunikwa, katika jiko la Dar es Salaam mwezi wa Februari, haiwezi kabisa kutimiza sharti hilo.

Tatizo letu la Pwani ni kwamba hata maji ya bomba ni ya uvuguvugu. Kwa hiyo siku mbili kabla ninajaza chupa sita za maji na kuzigandisha. Maharage yakiiva, ninayagawa kwenye sufuria tatu pana, kina kisichozidi vidole vinne, kisha ninaziweka moja baada ya nyingine ndani ya beseni lenye maji na zile chupa za barafu, huku nikikoroga kwa mwiko safi. Kwa njia hii dakika arobaini zinatosha kuyafikisha mahali ambapo mkono hauhisi joto lolote. Siyaweki kwenye friji yakiwa ya moto, kwani yatapasha joto maziwa na samaki waliokuwamo, na katikati yake yatabaki na joto vilevile.

Vyombo ninavyovitumia ni vile vya aiskrimu vya lita moja, vilivyooshwa vizuri, na kila kimoja kinatosha mlo mmoja wa watu watano. Kilo nne hunipa vyombo kati ya kumi na mbili na kumi na vinne, ikitegemea wingi wa mchuzi. Sijazi mpaka juu, kwa sababu maji yakiganda hupanuka kwa karibu asilimia 9 na chombo kilichojaa hupasuka. Mchuzi ufunike punje, la sivyo zile za juu hukauka na kuwa kama mbao. Juu ya kifuniko ninabandika kipande cha karatasi ya gundi chenye jina na tarehe. Wekundu wa maharage na wekundu wa rojo la nyanya, vikishaganda, havitofautiani hata kidogo, na tumewahi kula wali kwa nyanya tupu kwa sababu hiyo. Nusu ya vyombo huingia kwenye barafu siku hiyo na nusu hulala kwenye friji ya kawaida mpaka kesho yake, maana kugandisha lita kumi na nne kwa pamoja ni kuilemea mashine.

Rojo la nyanya ninalipika tenga linapokuwa rahisi Ilala, kwa vitunguu, mafuta na chumvi kidogo tu, bila kufunika, ili maji yapungue na nisigandishe maji ya bure. Nyama ninaichemsha na kuigandisha ndani ya supu yake.

Kuhusu umeme niseme wazi: asiye na friza asinunue kwa ajili ya akiba hii, kwani bei ya mashine itaimeza kwa miaka kadhaa. Aliye kwenye tarifa ya matumizi madogo, isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, anaweza hata kujikuta amevuka kiwango hicho na kulipa bei ya juu. Sehemu ya barafu ya friji ya kawaida ya milango miwili inatosha, ila nyingi hazishuki hadi nyuzi 18 chini ya sifuri, kwa hiyo ninakula kila kitu ndani ya mwezi mmoja, wakati kwenye friza halisi ningekaa nacho hata miezi mitatu bila ladha kuharibika. Umeme ukikatika, friza iliyojaa na isiyofunguliwa hushikilia barafu kwa takriban saa 48, na iliyojaa nusu kwa saa 24. Tangu mgao wa mwaka 2023 nimeacha humo kikombe cha maji yaliyoganda chenye sarafu ya shilingi 200 juu yake. Nikirudi safari nikaikuta sarafu imezama chini, najua kila kitu kiliyeyuka na kuganda upya nisipokuwapo, na hapo ninakitupa chote, sibishani na bei.

Siku ya kula, chombo hushuka kwenye friji usiku uliotangulia. Nikisahau, ambayo ni mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, ninakipitisha nje kwa maji ya bomba mpaka donge liachie, kisha ninalitia sufuriani na kikombe cha maji kwa moto mdogo, bila kuliacha mezani liyeyuke. Mama mkwe wangu aliita chakula hiki kiporo mpaka siku alipokuta kitunguu kinakaangwa upya, rojo linaingia na nazi inakamuliwa, na maharage yakatokota mbele yake kwa dakika kumi nzima. Yaliyobaki kwenye sahani usiku ule, hayo ndiyo kiporo, nayo hayarudi kwenye barafu. Huliwa kesho yake asubuhi na chapati.