Tundu lipo tayari, hatari bado: dhana potofu kuhusu kupanua matundu ya bati

Tundu lina milimita 10, bolti inataka 12. Unachomoa biti ya drili, kile chuma kinachotoboa, unavalisha ya 12, unabonyeza swichi. Katika kazi ndogo zote za karakana ya nyumbani, hii ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko kukata kwa grainda, maana grainda angalau kila mtu anaiogopa.

"Tundu likishakuwepo, kulipanua ni rahisi kuliko kutoboa upya."

Ni kinyume kabisa. Biti ya kawaida, ile ya msokoto, huongozwa na ncha yake. Ukitoboa chuma kizima, ncha inazama kwanza na makali yanafuata yakiwa yametulia. Kwenye tundu lililokwisha kutobolewa, ncha inaning'inia hewani. Zinazogusa bati ni pembe za nje tu, na bati lenyewe lina unene wa milimita moja, hata haifiki. Pembe zile zinauma kwa nguvu, na ule msokoto unafanya kazi ya skrubu: bati linapanda juu ya biti kama nati kwenye bolti, kisha linaanza kuzunguka nayo. Chukua kipande cha mraba chenye sentimita 20 kila upande, kikizunguka mara 1000 kwa dakika. Kona zake zinapita kwa kasi ya zaidi ya kilomita 50 kwa saa, na kona ya bati ni kisu.

Lilinikuta. Nilikuwa nimeshika kipande kwa mkono wa kushoto, eti ni tundu moja tu. Nikasikia mlio mmoja mkavu, bati likanitoka mkononi, na nilipoachia swichi lilikuwa limejikunja na kuivaa biti kama kofia. Vidole vilisalimika kwa bahati, wala si kwa ufundi. Tundu lenyewe lilitoka na pembe tatu, ambayo ndiyo alama ya biti ya msokoto ikikosa mahali pa kutulia.

"Basi panua kidogo kidogo: 10, halafu 10.5, halafu 11."

Ushauri huu unasikika wa busara, na kwa chuma kinene una nafasi yake. Kwenye bati unakuzidishia balaa. Nyama inayobaki kukatwa ni robo milimita kila upande, kwa hiyo hakuna kinachoizuia biti isijivute ndani kwa mkupuo.

Kinachotakiwa ni biti ya ngazi, ile yenye umbo la koni na vidato. Mifereji yake kwa kawaida imenyooka, kwa hiyo haivuti bati kama skrubu, na ile koni inajiweka katikati ya tundu yenyewe. Ina masharti mawili. Kwanza, bati liwe jembamba kuliko urefu wa kidato. Likiwa nene zaidi, vidato viwili vinakata kwa pamoja na upande mmoja wa tundu unabaki mwembamba. Pili, weka alama ya kalamu ya wino mzito kwenye kidato unachotaka kuishia. Koni haina breki: ukipitiliza kidato kimoja, tundu la 12 limeshakuwa la 14, na hakuna biti ya kurudisha.

Kama unayo ya msokoto tu, banisha bati juu ya ubao mnene. Toboa ubao kwanza kwa biti nyembamba, katikati kabisa ya tundu, ili ncha ipate mti wa kuushika. Ukifunika na ubao mwingine juu, ni bora zaidi. Tumia klampu mbili. Moja peke yake ni mhimili wa bati kuzungukia. Msumeno wa kikombe, ule wa duara wa kukatia matundu makubwa, nao una ugonjwa huohuo, kwani biti yake ya katikati haina pa kushika, na dawa ni ubao huohuo.

"Spidi kubwa hukata safi."

Hukata safi mbao. Kwa chuma laini, gawanya 8000 kwa kipenyo cha tundu kwa milimita, utapata takriban mizunguko kwa dakika: tundu la 8 ni 1000, la 20 ni 400. Kwa hiyo kadiri biti ya ngazi inavyozama, kidole kwenye swichi kilegee. Chuma cha pua, kile kisichoshika kutu, kipe nusu ya hapo, mafuta, na msukumo usiokatika. Ukiiacha biti isugue bila kukata, uso wa chuma hicho unakuwa mgumu na biti inaungua bure.

"Vaa glavu."

Vaa unapobeba bati na unapolipanga mezani. Drili ikiwaka, zivue. Ngozi ikiguswa na biti inachanika. Glavu ikiguswa inajiviringisha na kuvuta kidole kizima, wakati mwingine na kiganja chake. Mikono mirefu ya shati na mkufu ni vilevile. Miwani ya kinga haivuliwi wakati wowote.

"Tupa ni ya asiye na mashine."

Mimi, tundu likitaka nyongeza ya milimita moja au mbili, naanza na tupa ya duara kabla hata ya kutafuta waya wa umeme. Bana bati kwenye jiriwa katikati ya vipande viwili vya mbao, karibu na tundu, lisipige kelele na kutetema. Sukuma mbele, inua ukirudi, zungusha tupa kidogo kila msukumo. Dakika tano, hakuna kinachozunguka.

Na tundu la duara bado halijaisha. Pitisha ncha ya biti kubwa kwa mkono, mizunguko miwili mitatu pande zote mbili, kuondoa makali. Kama ni la kupitisha waya, livalishe mpira, maana hata ukingo uliosuguliwa unakula ganda la waya taratibu. Chembe zilizobaki mezani zifagie kwa brashi. Usizipanguse kwa kiganja, na usizipulize kwa mdomo ukiwa umeinama juu yake.