Je, wajua ultrasaundi hupimaje ukakamavu wa mishipa ya damu?

Ultrasaundi wengi tunaijua kwa kliniki ya wajawazito. Kumbe mashine hiyo inaweza pia kuonyesha ateri zako zimekakamaa kiasi gani, bila sindano wala kisu.

Moyo ukipiga, mbali na kusukuma damu, hurusha wimbi linalotembea kwenye kuta za ateri. Wimbi hilo huiacha damu nyuma kwa mbali. Pigo unalolihisi kwenye kifundo cha mkono silo damu iliyotoka moyoni muda huohuo. Sasa tikisa kamba ya kuanikia nguo: ikilegea, wimbi hujikokota, ikikazwa, hufika ng'ambo mara moja. Ateri nazo ni vivyo hivyo, kwa hiyo mpimaji anachokitafuta ni spidi.

Unalala chali na kupumzika kwanza, kwa sababu presha iliyopanda kwa muda tu huikaza ateri na kuharibu kipimo. Unabandikwa nyaya za kupima umeme wa moyo, kisha unapakwa jeli ya baridi shingoni, baadaye kinenani. Kila mahali mashine husoma muda kuanzia umeme wa moyo unapochomoza hadi damu inapochora mlima wake kwenye skrini. Umbali, amini usiamini, hupimwa kwa futi kama ya fundi cherehani. Ikisoma sentimita 60, huchukuliwa asilimia 80 tu, yaani 48, maana wimbi likipanda shingoni jingine tayari linashuka kinenani.

Tofauti ya muda kati ya shingo na kinena ikiwa milisekunde 80, spidi ni mita 6 kwa sekunde: ateri laini hizo. Ikiwa 40, ni mita 12, na tangu 2012 wataalamu wa Ulaya huhesabu zaidi ya mita 10 kuwa hatari. Umri, presha, kisukari na maradhi ya figo ndivyo hasa huzifikisha huko.

Moyo wenyewe ni mgumu zaidi kuupima, kwani msuli wake hukaza na kulegea kila pigo. Usipolegea vizuri, haujai damu ya kutosha. Watafiti hufuatilia spidi ya mtikisiko ambao vali huuacha kwenye ukuta wa moyo zinapojifunga. Mashine inayopiga picha 50 kwa sekunde huukosa, kwani kati ya picha na picha hupita milisekunde 20, na mtikisiko umeshapita. Zinatakiwa picha elfu moja na zaidi kwa sekunde, na mashine za namna hiyo bado ziko zaidi kwa watafiti kuliko wodini.