Barakoa wodini: kwa nini mlinzi anakurudisha getini

Siku hizi malalamiko yameongezeka kwenye dawati letu na mengi yanafanana, ndugu kaja na hotpoti ya mgonjwa, kafika mlango wa wodi ya TB, kaambiwa avae barakoa, hana, karudishwa, ugomvi na mlinzi unaanza. Wengine wanasema corona imeshapita barakoa za nini tena, wengine wanasema manesi wananyanyapaa wagonjwa. Mimi nipo kitengo cha kinga na udhibiti wa maambukizi, ngoja nieleze, maana naamini watu wengi hawana nia mbaya, hawajaelezwa tu.

Jamani barakoa haikuja na corona. Mwaka 2003 ulipolipuka ule ugonjwa wa mapafu wa SARS huko Asia, wagonjwa 8,096 walirekodiwa duniani na 1,706 kati yao walikuwa wahudumu wa afya. Hapa kwetu wala hatuhitaji kwenda mbali, Tanzania ipo kwenye orodha ya WHO ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB, na TB sugu, ile isiyosikia dawa za kawaida, ipo pia, ndio maana kuna hospitali ya Kibong'oto kule Siha, Kilimanjaro. Wewe unakaa wodini dakika ishirini unaondoka, nesi anavuta hewa ya chumba hicho hicho zamu nzima, kesho tena, miaka na miaka.

Mgonjwa akikohoa yanatoka matone ya kila saizi. Makubwa yanadondoka karibu, lakini yale madogo kabisa yanabaki yanaelea, chumba kikifungwa madirisha yanaweza kuelea masaa, na hayo ndio yanafika ndani kabisa ya mapafu. Kwahiyo ukikuta nesi kafungua madirisha asubuhi na kibaridi chote kile usiyafunge, hajasahau.

Sasa barakoa sio zote sawa. Ile ya bluu ya kawaida haibani usoni, pembeni kwenye mashavu kuna uwazi na hewa inapitia hapo hapo. Kazi yake kubwa ni kuzuia matone ya aliyeivaa yasimfikie mwenzake, na pia inakinga mdomo na pua mtu akikukoholea karibu. N95, ile nene ya mikanda miwili inayobana usoni, inachuja angalau asilimia 95 ya chembechembe ndogo, ila mpaka ikae sawasawa: mkanda wa juu unapita kisogoni, wa chini shingoni chini ya masikio, kile kiwaya cha puani unakibana kwa vidole vya mikono miwili, halafu unaifunika kwa viganja unapuliza, ukisikia upepo kwenye macho au mashavu bado haijakaa, rudia. Ndevu zinazopita kwenye ukingo wa barakoa zinaharibu kila kitu, hili nawaambia wafanyakazi wenzangu kila wiki na nitaendelea kuwaambia. Kuivua shika mikanda tu, mbele usiguse, na uivulie nje ya chumba baada ya kufunga mlango, halafu nawa mikono. Ya bluu ikilowa tupa. N95 kwenye wodi ya TB inaweza kuvaliwa tena kama ni kavu, haijachanika na mikanda haijalegea, unaiweka kwenye bahasha ya karatasi yenye jina lako, sio kwenye mfuko wa plastiki maana inabaki na unyevu.

Na kitu ambacho watu hawapendi kusikia ni kwamba barakoa inayomlinda nesi zaidi mara nyingi ni ile aliyovaa mgonjwa. Kuna utafiti ulifanyika Afrika Kusini ukatoka 2012, hewa ya wodi ya wagonjwa wa TB sugu ilipelekwa kwenye vyumba viwili vya simbilisi, kila chumba simbilisi 90, chumba kimoja kilipata hewa ya siku ambazo wagonjwa wamevaa barakoa za kawaida na kingine ya siku ambazo hawajavaa. Siku za barakoa waliambukizwa 36, siku zisizo na barakoa 69. Barakoa za kawaida kabisa hizo! Kwahiyo mama yako akipewa barakoa sio kwamba ananyanyapaliwa, anamlinda anayemchoma sindano, na wewe pia.

Tena naomba tuache hili la kwamba barakoa inakata oksijeni, haikati. Madaktari wa upasuaji wanasimama nazo masaa kibao. Na kitambaa cha kushona hakitoshi kwa mhudumu, Hanoi huko Vietnam walifuatilia wahudumu 1,607 kwenye hospitali 14, matokeo yakatoka 2015, waliovaa za kitambaa waliugua zaidi kuliko waliovaa za hospitali.

Utaratibu wetu ni huu. Mgeni anaingia mmoja mmoja, na barakoa inayofunika pua na mdomo, sio ya kidevuni. Huna, usigombane, mwachie mhudumu wa wodi hotpoti ikiwa imeandikwa jina la mgonjwa na namba ya kitanda, atafikisha. Mtoto mdogo haingii hata akivaa. Mfanyakazi akikutwa ndani bila barakoa mara ya kwanza anaonywa kwa mdomo na inaandikwa kwenye daftari la usimamizi, mara ya pili ni barua, ya tatu anaitwa kamati ya nidhamu, hakuna cha bosi wala mwanafunzi wa field. Lakini kununua vifaa kinga ni jukumu la mwajiri, mfanyakazi hatakiwi kutoa hela yake mfukoni, kwahiyo zikiisha wodini toa taarifa kwa kiongozi wa zamu kabla hujaingia, sio baada.

Na wewe ndugu uliyekuwa unamuuguza nyumbani kabla hajalazwa, ukiwa na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, au jasho la usiku, au unakonda bila sababu, usipite wodini kwanza. Nenda OPD, yaani kwa wagonjwa wa nje, waambie mapema unakohoa wakupe barakoa na wasikuache kwenye foleni ndefu, utoe makohozi yapimwe. Kupima na dawa za TB ni bure.