Mama mzee anasema ameanguka: maswali ya wauguzi wa Bukavu

Kutendewa vibaya kwa wazee si mambo ya ukoo?

Ni yetu pia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka mtu 1 kati ya 6 wenye miaka 60 na zaidi hutendewa ubaya huko anakoishi. Si kipigo tu: kuna matusi, njaa, kubakwa, kunyang'anywa pesa. Kifungu cha 49 cha Katiba yetu ya Kongo ya 2006 kinampa mzee haki ya kulindwa.

Nitajuaje?

Huenda ameanguka kweli. Ngozi ya uzeeni huvilia damu upesi, hasa kwa anayemeza aspirini. Lakini unapompima tensheni (presha), pandisha mkono wa nguo polepole, utazame. Anayeanguka huumia goti, kiwiko, kiganja. Alama za vidole upande wa ndani wa mkono, au michubuko mipya kando ya mingine iliyogeuka manjano: hapo uliza. Na ikiwa mjukuu anajibu kila swali, huku mama akimtazama kabla ya kufungua mdomo, hiyo nayo ni dalili.

Nimuulize vipi?

Akiwa peke yake. Hilo nalisisitiza kuliko yote, kwa sababu jioni watarudi nyumba moja. Mtume mjukuu alete fishi, ile kadi ya mgonjwa, funga mlango, keti. "Mama, nyumbani kuna mtu unayemwogopa? Chakula unakipata? Pesa wanazokutumia watoto kwa simu, ni nani anazitoa?" Kisha nyamaza, umpe muda.

Wakimwita mchawi?

Hapo uhai wake uko hatarini. Kivu Kusini wamama wazee wameshachomwa moto kwa neno hilo, baada ya kutajwa na bajakazi wanaodai kutambua wachawi. Usimrudishe nyumbani siku hiyo. Mlaze, mwarifu mkubwa wa kituo, mtafute pamoja naye ndugu anayemwamini, wa mtaa mwingine. Jamaa waeleze kwamba kusahau, kutangatanga na kusema peke yake usiku mara nyingi ni ugonjwa wa ubongo.

Niandike nini?

Maneno yake mwenyewe: "anasema amepigwa". Kila jeraha, mahali lilipo, ukubwa, rangi, tarehe. Kama amebakwa, dawa za kuzuia virusi vya SIDA (UKIMWI) zianze kabla ya saa 72.

Akikataa msaada?

Kama akili yake ni timamu, uamuzi ni wake. Mpe randevu ya kubadilisha bendeji kesho kutwa. Nyumbani hakuna atakayeshangaa kwamba anarudi kwako.