Dallapiccola: noti kumi na mbili zinazoimbika

Nikimwekea mwanafunzi wa piano karatasi ya Luigi Dallapiccola, huniuliza kama ni hesabu au muziki. Simlaumu. Mtaliano huyu alitunga kwa mfumo wa noti 12: unazipanga zote, nyeupe na nyeusi, kisha wimbo mzima unachotwa kwenye mpangilio huo. Waweza kuupindua au kuusoma kinyumenyume, ila hakuna noti inayokuwa do, yaani nyumbani ambako wimbo hurudi kutulia.

Basi namwambia apige polepole mpangilio wa Quaderno musicale di Annalibera (Daftari la muziki la Annalibera), kazi yake ya piano ya 1952: A-shapu, B, D-shapu, F-shapu, G-shapu, D, C-shapu, F, G, C, A, E. Noti ya pili hadi ya nne ni kodi ya B meja (ya muziki, yaani noti zinazolia pamoja, si ya serikali). Tatu za mwisho ni A maina. Mfumo uliobuniwa ili kuziacha kodi hizo, yeye kazipenyeza humo humo, na ndiyo maana muziki wake unaimbika.

Alizaliwa 1904 Pisino, Istria, wakati huo chini ya Austria-Hungaria. Katika Vita vya Kwanza familia yake ilihamishwa kwa nguvu hadi Graz, na huko ndiko opera ya Wagner ilikomtia nia ya kutunga. Baadaye akahamia Florence, na mwaka 1924 akamsikia Schoenberg mwenyewe, aliyebuni mfumo ule wa noti 12, akiongoza kazi yake Pierrot lunaire.

Mwaka 1938 Mussolini alipitisha sheria za ubaguzi. Laura, mke wa Dallapiccola, alikuwa Myahudi. Jibu la mtunzi ni Canti di prigionia (Nyimbo za kifungo): kwaya, piano mbili, vinubi viwili na ala za kugongwa, juu ya maneno ya wafungwa watatu waliongoja kuuawa, Mary Stuart malkia wa Uskoti, mwanafalsafa Boethius na mtawa Savonarola. Chini yake inapita Dies irae, wimbo wa kale wa Kilatini wa misa ya wafu. Mliolelewa kwenye kwaya za Kikatoliki mtaitambua mara moja. Ilipigwa kwa mara ya kwanza Roma tarehe 11 Desemba 1941, siku ile ile Italia ilipotangaza vita dhidi ya Marekani.

Na huyu mtu, kwa zaidi ya miaka 30, pale konsavatori (chuo cha muziki) ya Florence alifundisha piano kama somo la ziada, kwa watu ambao chombo chao kilikuwa kingine. Mimi nafanya kazi hiyo hiyo, najua inavyochosha. Waliotaka utunzi walimfuata kwingine: mtunzi Luciano Berio alimkuta Tanglewood, Marekani, 1952.

Annalibera wa lile daftari ni binti wa Dallapiccola, aliyezaliwa Desemba 1944, miezi michache baada ya Florence kukombolewa. Libera ni huru.

Ukitaka opera yake, anza na Il prigioniero (Mfungwa). Mlinzi wa gereza anamwita mfungwa “fratello”, ndugu, kwa noti tatu zinazoshuka. Mfungwa anaukuta mlango wazi, anatoroka hadi bustanini, anainua mikono kuukumbatia mti. Mikono mingine inamkumbatia kutoka kwenye mti huo, na sauti ni ile ile: fratello.