Vifungio vya wavu wa katamarani: dhana potofu na ukweli

Anayejijengea katamarani, chombo cha mitumbwi miwili iliyounganishwa, hufika siku ya kutandaza wavu kati ya mitumbwi yake miwili, ule ambao wengi huuita trampolini. Juu yake mabaharia hukaa, hulala na kulishughulikia tanga la mbele, na wimbi likipanda, maji huchuja kupitia matundu badala ya kutuama. Wavu wenyewe waweza kuagizwa ukiwa umeshonwa tayari. Vya kuufungia, mara nyingi mjenzi hujitafutia mwenyewe, na hapo ndipo maneno ya kusikia huanza kumgharimu.

"Ukibeba watu watatu, vifungio vihimili uzito wa watu watatu."

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Wavu uliokazwa hauvivuti vifungio chini tu. Huvivuta zaidi kwa upande, kuelekea katikati. Tazama kamba moja iliyofungwa ncha zote mbili, na mtu wa kilo 80 amesimama katikati yake. Ikiinama hadi kufanya nyuzi 30 na mlalo, kila ncha huvutwa kwa nguvu sawa na kilo 80. Ikinyooka zaidi na kubaki nyuzi 10, nguvu hiyo hufika kama kilo 230. Kwa nyuzi 5 inakaribia kilo 460, na mtu ni yuleyule. Wavu hugawanya mzigo huo kwa vifungio vingi, na ndiyo sababu ya kuviweka karibu karibu. Kanuni lakini haibadiliki: kadiri unavyoukaza kama ngoma, ndivyo kila hatua ya mtu inavyovitesa vifungio.

Kisha kuna bahari. Eneo la mita 4 za mraba likifunikwa na maji ya kina cha sentimita 10, hizo ni zaidi ya kilo 400 kabla hayajachuja. Hayo hutokea chombo kikichoma omo ndani ya wimbi, saa ambayo mtu huenda yuko hukohuko mbele.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kifungio kina nguvu kiasi gani, uliza kinavutwa kuelekea wapi. Jicho, yaani pete ya chuma ya kupitishia kamba, likifungwa juu ya ukingo wa sitaha huvutwa kwa ubavu, na bolti zake hustahimili vizuri. Jicho hilohilo likipigwa kwenye uso wa ndani wa mtumbwi, huvutwa moja kwa moja kama msumari unaong'olewa.

"Skrubu ndefu inatosha, mradi plaiwudi ni nene."

Skrubu hushikilia kwa nyuzi za mbao tu, na mbao ikishaanza kulowa haina tena cha kushikilia. Mahali panapovutwa hivi pitisha bolti hadi upande wa pili, na nyuma yake weka bamba pana la faibaglasi, plaiwudi au chuma, si washa (kile kipete bapa cha bolti) ndogo peke yake. Tundu nalo lina kazi yake. Litoboe pana kuliko bolti, lijaze epoksi (gundi ya resini) iliyokolezwa, iache ikauke, kisha toboa upya katikati ya epoksi hiyo. Maji yakipenya siku moja, yatakutana na epoksi na si mbao. Ni kazi ya kuchosha ukiwa na matundu mia, najua, lakini plaiwudi iliyooza chini ya rangi huigundui mpaka jicho litoke na kipande chake.

"Stenlesi ni stenlesi, na sumaku itakuambia iliyo nzuri."

Sumaku haiwezi kutenganisha daraja 304 na daraja 316 za stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu kwa urahisi. Zote mbili kwa kawaida hazivutwi, na 304 iliyokunjwa au kupondwa ikiwa baridi huweza kuvutwa kidogo bila kuwa bandia. Tofauti iliyo muhimu ni molibdenamu, metali ambayo 316 inayo kiasi cha asilimia 2 hadi 3, na ndiyo inayoipa uwezo wa kuvumilia chumvi. Unaponunua bolti, soma kichwa chake: A2 ni jamii ya 304, A4 ni jamii ya 316. Ukiona A4-70, ile 70 inaeleza nguvu, yaani megapaskali 700 kabla ya kukatika.

Hata A4 si chuma cha milele. Stenlesi hulindwa na utando mwembamba wa oksidi ya kromiamu, na utando huo unahitaji oksijeni ili ujirudishe unapochubuka. Sehemu ya bolti iliyozama ndani ya mbao yenye unyevu wa chumvi haipati hewa, nayo huliwa kimyakimya huku kichwa kinang'aa. Chomoa bolti moja kila baada ya muda uitazame shingo yake.

Duka la vifaa vya ujenzi lina vitu vinavyofaa kabisa, na sioni aibu kununua huko. Ninachokataa ni bolti zenye jicho lililokunjwa tu bila kuchomelewa: zikivutwa sana, jicho hufunguka. Na ukifunga stenlesi kwenye boriti ya alumini inayounganisha mitumbwi, tenganisha metali hizo kwa washa za plastiki na grisi ya kuzuia kutu, la sivyo alumini ndiyo itakayoliwa.

"Bila chuma hakuna uimara."

Mwingereza James Wharram alijenga katamarani yake, Tangaroa, mwaka 1954, na baadaye akavuka nayo Atlantiki, na michoro aliyowaachia wajenzi wa nyumbani inajulikana kwa boriti zinazofungwa kwa kamba. Kwa wavu, njia ninayoipenda ni fimbo ya faibaglasi iliyolazwa chini ya ukingo wa sitaha na kufunikwa kwa kitambaa na epoksi, kisha unakata mianya ambamo kamba huizunguka fimbo. Hakuna bolti, hakuna tundu la kuvuja, na mvuto husambaa katika urefu wote. Unahitaji tu kulainisha kila mwanya, kwa sababu ukingo mkali hukata kamba, hata ile yenye nguvu kuliko zote.

Kuhusu kamba yenyewe: nailoni hurefuka na kulegea zaidi ikilowa, hivyo poliesta inafaa kuliko hiyo. Wengine husifu kamba moja ndefu inayozunguka wavu wote kwa kuwa hukaza kwa usawa. Ni kweli hukaza kwa usawa, lakini ikikatika mahali pamoja, upande mzima unafunguka na aliye juu yake anaanguka. Gawanya kila upande vipande kadhaa, kila kimoja na fundo lake.

"Agiza wavu kwanza, vifungio vitafuata."

Ni kinyume chake. Funga vifungio vyote, kisha pima kutoka jicho hadi jicho, pamoja na mishazari yote miwili, maana nafasi kati ya mitumbwi iliyojengwa kwa mkono ni nadra kuwa mstatili kamili. Wavu ukatwe mdogo kuliko nafasi kwa sentimita chache kila upande, ili kamba ipate pa kukazia na mguu wa mtu usipate pa kupenya.