Jivu la Volkano Hubaki Pale Lilipopata Mmea wa Kulishika

Ukikuta tabaka la jivu la volkano lenye sentimita mbili tu ardhini, ni rahisi kuamua kwamba mlipuko wake ulikuwa mdogo. Kazi yangu ni kusoma matabaka hayo, na jambo ninalolisisitiza kila mara ni hili: tunachopima leo ni jivu lililobaki, wala si lote lililoanguka. Mara nyingi kilichoamua libaki au liende zake ni mimea iliyokuwepo pale siku ile.

Nenda Ngorongoro ujionee. Karibu na Bonde la Olduvai kuna lundo la mchanga mweusi lenye umbo la hilali, kimo chake kama mita 9. Mchanga ule ni jivu la mlima wa volkano wa Oldoinyo Lengai. Kwenye nyika kavu ya nyasi fupi halikupata cha kulizuia, upepo ukalikusanya, na mpaka leo unalisukuma kuelekea magharibi zaidi ya mita 10 kila mwaka. Nyuma yake vimewekwa vibao vya kuonyesha lilikuwa wapi miaka iliyopita.

Penye mimea mambo ni tofauti. Chimba shimo dogo, usafishe ukuta wake kwa mwiko, kisha ufuate mstari wa jivu taratibu. Chini ya shina nene la nyasi utaukuta umejaa. Sogea kidogo hadi palipokuwa wazi, unasinyaa au unakatika kabisa. Ni mlipuko uleule, shimo lilelile. Majani hulidaka jivu linapoanguka, mvua ikalishusha katikati ya mashina, mahali ambapo upepo hauna nguvu na matone hayapigi ardhi moja kwa moja. Baadaye majani mapya huchomoza juu yake, ya zamani yanaoza na kulifunika. Likishafunikwa hivyo, limepona.

Lakini lazima mmea wenyewe uishi. Jivu la sentimita chache nyasi hulipenya na kuendelea kukua. Likiwa nene kupita kimo chao, nyasi hufa, na jivu la juu huachiwa upepo na maji mpaka uoto mwingine usimame. Kwa hiyo cha kuuliza ni kimo cha mmea ukilinganisha na unene wa jivu. Kuuliza tu kama mimea ilikuwepo hakutoshi.

Iceland ndiko suala hili limepimwa kwa makini, kwa sababu volkano ya Eyjafjallajökull ililipuka 2010 na ile ya Grímsvötn 2011, na watafiti wakaweza kurudi kwenye jivu ambalo tarehe yake inajulikana. Vichaka vya miti ya betula vilihifadhi jivu zaidi ya uwanda wenye uoto mfupi. Hapo kuna mtego pia: kichaka kirefu huendelea kunasa jivu linalopeperushwa kutoka maeneo jirani yaliyo wazi, hata tabaka lake likawa nene kuliko lililoanguka. Tena kisiwa kile kimepoteza sehemu kubwa ya misitu yake tangu watu walipohamia mwishoni mwa karne ya 9. Jivu lililoanguka msituni kabla yao, na lililoangukia malisho ya kondoo karne nyingi baadaye, haliwezi kusomwa kwa kipimo kimoja. Ndiyo maana napima sehemu nyingi za ukuta uleule, sikubali namba moja, na ninaandika mimea iliyopo na dalili za ile iliyokuwepo.

Mimea hiyohiyo inayolinda jivu changa inaweza kuliharibu likishakuwa mwamba. Laetoli, kusini mwa Olduvai, kuna tabaka la jivu lenye unene wa kama sentimita 15, lenye umri wa miaka milioni 3.66, ambalo limehifadhi nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili pamoja na alama za matone ya mvua. Timu ya mwanaakiolojia Mary Leakey ilifukua njia ile ya nyayo 1978 na 1979, kisha ikaifukia tena kwa mchanga na mawe. Ndani ya mchanga ule mlikuwa na mbegu za migunga. Zikaota, miti ikapita mita 2, na mizizi ikaingia katika jivu. Mizizi hufuata nyufa na sehemu zilizokwisha kulainika, ikazipanua. Nyayo iliyodumu muda wote huo inaweza kupasuliwa na mzizi ndani ya miaka michache.

Katikati ya miaka ya 1990 Idara ya Mambo ya Kale ya Tanzania na Taasisi ya Uhifadhi ya Getty waliua miti ile, wakafukua na kuondoa mizizi kwa uangalifu mkubwa, kisha wakafukia upya. Safari hii mchanga ulichekechwa kuondoa mbegu, na juu ya nyayo yakatandazwa matabaka ya kitambaa maalumu, ikiwemo aina yenye vidonge vya kutoa polepole dawa ya kuzuia mizizi. Mche wa mgunga ukichomoza hapo, unapaswa kung'olewa ukiwa bado mdogo.